Kitenzi Mkiani

Mwalimu Chitanda wa Chuno, karani mstaafu
wa Waholanzi wa visima, hana ubao.
Anaandika kwa chaki kwenye mlango wa bati,
na mlango ukifunguliwa sentensi inakatika,
nusu kwake ndani, nusu uani kwa kuku.

"Want na omdat," anasema, "zote mbili ni kwa sababu.
Lakini want ni mgeni mpole, hahamishi kiti cha mtu.
Omdat akiingia tu, kitenzi kinanyanyuka,
kinapita mbele ya watu wote
kwenda kukaa mwisho wa mkeka."

Nikauliza kama anayeuliza bei: kwa nini?
Akacheka. Akachukua bibo kwenye ndoo ya mkewe,
jekundu, limeiva hadi linatoa jasho,
akalining'iniza kwa kikonyo.
"Nyama yote hii ni nani, lini, wapi, na nani.
Korosho iko wapi?"

Iko nje. Iko chini kabisa,
kama kitu kilichokumbukwa baada ya kuumba kwisha,
na ndiyo inayokwenda mnadani.

Hapo nilielewa kwa vidole.
Miaka sita nabangua. Mafuta ya ganda
yameshaila ngozi, majivu hayasaidii,
na kwenye ofisi ya pasipoti kijana alinirudisha mara mbili:
mashine haikuoni, mama.

Basi nikawa nasema Kiswahili kwa mwendo wao,
ulimi uzoee:
kwa sababu mimi jana Chikongola dagaa wa buku
nilinunua.
Kwa sababu mtoto kwa kikohozi usiku kucha
hakulala.
Esha Namkuna wa meza ya pili akaniuliza
kama nimepandwa.

Jumanne Ausi akapiga simu kutoka Vlissingen.
Tulikubaliana Kiholanzi kitupu, mazoezi ya mtihani.
Mtandao ulikuwa wa kuombewa dua,
nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa,
Shamte analia mgongoni, nikasikia:

ik stop nu, omdat ik jou en het kind niet

Naacha sasa, kwa sababu mimi wewe na mtoto si

Kimya.

Usiku ule niet ililala kati yangu na ukuta.
Niliijaribishia vitenzi kama funguo za kuazima.
Siwataki.
Siwawezi.
Siwasahau: hiki nilikirudia, nikakipaka mate,
kikaingia nusu, hakikuzunguka.

Alfajiri nikagundua jambo la kuudhi.
Hata kwetu ni hivyo hivyo.
Si-, kisha -wa-, hapo mtu anaweza kukohoa,
anaweza kufa,
na mzizi bado uko nyuma ya meno.
Nililaumu lugha ya watu. Yangu nayo hunificha,
ila hufanya haraka, ndani ya neno moja,
nikadhani ni uwazi.

Saa nne ujumbe ukaingia, mikono imejaa majivu,
nikaufungua kwa kifundo cha kidole.
Vilikuja vitenzi viwili, vimeshikana mikono,
vimechelewa, havina habari kwamba kuna mtu amekesha:

kan horen.

Siwasikii.
Alikuwa anasema tu kwamba hatusikii.

Nilicheka hadi Esha akazima redio.
Kisha nikaanza kumjibu, nikasita kidogo
kati ya want na omdat.

Nikaandika omdat.
Nyuma yake nikapanga homa ya mtoto, bei ya kilo,
malipo ya pili ambayo hayajafika,
mvua iliyoanguka Newala ikatuacha,
kinu, mashine isiyoniona,
nikavipanga polepole, kimoja kimoja, foleni ndefu,
kitenzi nimekifumbata.

Na yeye angoje kidogo.